Setilaiti hazina kosa hapo

Mwandishi wa makala ile anasema GPS za wapimaji wa barabara zinayumba usiku sababu setilaiti zimezeeka, hapana bwana. Ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sawa na ardhi) inapita Ethiopia, sisi Kenya na Tanzania tuko kusini yake kidogo tu, na karibu na mstari huo jua likishazama ile tabaka ya plazma (hewa yenye chaji za umeme) iliyo kilomita 300 hivi juu inasukumwa ipande, chini yake panabaki pepesi, basi mapovu ya plazma hafifu yanachomoka juu kama kwenye uji unaochemka, mengine yanavuka kilomita 1000!! Signo ya setilaiti ikipita humo inatetemeka, risiva ya GPS inaipoteza. Rada ya Jicamarca kule Peru inayafuatilia tangu miaka ya 60. Machi na Septemba ndo balaa, hasa jua likiwa na madoa mengi. Pimeni asubuhi jamani.