Kidole Kidogo na Herufi A

Namhurumia sana mchapaji wa Kiswahili, hasa anapokuwa mimi. Kazi yangu ni kuchapa na kufasiri nyaraka za watu hapa Kampala, na kila inapoingia kazi ya Kiswahili, anayeumia ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa sababu herufi A iko chini yake na Kiswahili bila A hakisemeki. Chapa "Haraka haraka haina baraka" kisha uhesabu: kati ya herufi 23, A ni 11. Christopher Latham Sholes, yule Mmarekani aliyepanga herufi za mashine ya kuchapia katika miaka ya 1870, aliisukuma A pembezoni kabisa, nami simlaumu, maana angejuaje kwamba iko siku mtu wa Kibuli, mtaa wa hapa Kampala, atalipwa kwa ukurasa?

Kwa miaka mingi nilitumia kibodi ya kawaida, ile yenye utando wa mpira chini ya vitufe, ambayo kuibonyeza ni kama kubonyeza chapati iliyolala. Kitufe hakikubali mpaka ukizamishe hadi chini, na siku kibodi yangu ilipochoka, iligoma A peke yake. Nilikuwa na haraka, sikusoma tena, na mteja akapokea barua iliyomalizikia kwa "snte sn".

Hapo ndipo kijana mmoja mjini aliponifundisha habari za kibodi za swichi. Katika kibodi za aina hiyo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na tabia ya swichi hutambulishwa kwa rangi, desturi ambayo wengi wameiiga kutoka kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Kitufe hushuka milimita 4, lakini herufi hujiandika kikishashuka kiasi cha milimita 2 tu, kwa hiyo mwenye mkono mwepesi hana haja ya kugonga sakafu. Akanipangia mezani sampuli za rangi nne, nami nikakaa nazibonyeza kama mama anayechagua parachichi.

Nyeusi hushuka moja kwa moja bila kukwama popote, lakini hudai nguvu ya gramu 60 hivi kila mara. Nilipiga hesabu palepale: hotuba yenye A 1,000 ni kilo 60, yaani zaidi ya nusu gunia la mahindi, na mpagazi ni kidole kimoja tena kile kidogo kuliko vyote. Nikairudisha kwa heshima. Nyekundu hushuka vilevile kwa gramu 45 tu, laini kiasi kwamba ukipumzisha kidole kwa uzembe unakuta umeandika "baaaba". Kahawia ina kijinundu unachokisikia katikati ya safari, ila kijinundu chenyewe ni cha aibu, kama chumvi iliyotiwa na mtu anayedaiwa dukani.

Bluu ndiyo iliyoniteka. Kijinundu chake ni cha kweli, na kinapovukwa swichi hulia "ta!", ukajua kwa masikio na kwa kidole kwamba herufi imeingia. Nililipa shilingi 80,000 nikiamini nimenunua furaha.

Tatizo ni kwamba ninaishi katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho hapa Kampala tunakiita mzigo, na ukiiona kodi yake hutauliza kwa nini. Ukuta wangu na wa mwenye nyumba, Hajati, ni mmoja. Siku ya tatu Hajati alinisimamisha bombani.

"Mwanangu, hizo karanga unazomenya usiku kucha, mbona asubuhi hatuonjeshwi?"

Niliona haya. Bahati nzuri, swichi za kibodi ile huchomolewa kwa kikoleo kidogo bila kuchomea chochote, nami nilikuwa na fedha ya kununua swichi moja tu. Nikanunua nyekundu, nikaiweka chini ya A. Kidole kikapumua, na kwa kuwa A ndiyo inayopigwa kuliko zote, makelele nayo yakapungua sana. Zilizobaki ziliendelea kulia, ila mlio ulikuwa na mapengo, mfano wa mzee asiye na meno ya mbele anayesimulia hadithi. Hajati akanyamaza. Nikajiona fundi.

Juzi nilipata kazi ya Kiingereza, mkataba mrefu wenye malipo mazuri, nikakesha nao, kisha asubuhi nikachukua ndoo nikaenda bombani bila wasiwasi wowote.

"Mwanangu, jana ulikuwa unaandika Kiingereza."

Nikamwuliza amejuaje.

"Kiswahili chako siku hizi kina mapengo. Cha jana kililia moja kwa moja hadi alfajiri, na mwenyewe uliniambia Kiingereza ndicho kinacholipa." Akatoa daftari la kodi kwapani, akalifungua kwenye ukurasa wangu.