Italia kwa treni au kwa gari la kukodi? Swali la rafiki yangu na jibu langu

Rafiki yangu wa Dar es Salaam amenitumia mpango wake wa likizo ya Italia. Siku 12, watu wanne: yeye, mkewe na watoto wawili wa sekondari. Wanatua Roma, wanachukua gari la kukodi palepale uwanja wa ndege wa Fiumicino, kisha Napoli, pwani ya Amalfi, Siena, Firenze, Cinque Terre, Venezia, na ndege ya kurudi nyumbani inaondokea Milano. Vituo vinane. Amepiga hesabu ya tiketi nne za treni kwa kila hatua, akailinganisha na kodi ya gari moja, gari likashinda. Anataka kujua kama nakubaliana naye. Sikubaliani naye, ila hoja yake ina uzito, na wale wanaomjibu kwamba Italia ni ya treni tu nao wanamnyima kitu kikubwa.

Nianze na hesabu yenyewe. Kodi ya gari anayoiona kwenye simu ni mlango tu wa kuingilia gharama. Barabara kuu za Italia, zile za alama za kijani, nyingi hulipiwa: unachukua tiketi unapoingia, unalipa unapotoka, kulingana na umbali. Mafuta ni ya bei kali hata kwa kipimo cha Ulaya. Kuna maegesho ya kila siku, bima ya nyongeza, na ada ya kuliacha gari mji tofauti na ule ulikolichukua. Treni za kasi, kwa upande wake, zinashindaniwa na kampuni mbili, Trenitalia yenye Frecciarossa na Italo iliyoanza 2012, na anayenunua mapema hupata bei nzuri kuliko anayenunua siku ya safari. Kwa watu wawili treni hushinda karibu kila mara. Kwa wanne pengo linapungua, na hapo rafiki yangu yuko sahihi zaidi kuliko wakosoaji wake.

Kuna jambo jingine linalompa haki, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu hailigusi. Tiketi za treni za bei ya chini kabisa hazirudishwi fedha. Mtu anayetoka Dar au Nairobi anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi hata ukinyimwa. Je, anunue tiketi za mapema kabla viza haijatoka? Akisubiri, bei inapanda. Gari la kukodi kwa kawaida unaweza kulihifadhi leo na kulifuta bila gharama baadaye. Kwa msafiri wa kwetu hiyo ni faida ya kweli. Nafuu pekee kwa upande wa treni ni zile za mikoa, ambazo nauli yake haibadiliki hata ukinunua dakika kumi kabla ya kuondoka. Ila ukikata tiketi ya karatasi, kumbuka kuigonga muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda.

Tukija kwenye muda, mizani inalalia upande mmoja. Aliyepanda SGR ya Dar hadi Dodoma amekwisha kuonja kilomita 160 kwa saa. Kati ya Roma na Firenze treni inafika 250. Unatoka stesheni ya Roma Termini, saa moja na nusu baadaye unashuka ile ya Santa Maria Novella, na kanisa kuu la Firenze unalifikia kwa miguu. Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika kumi hivi. Kwa gari, Roma hadi Firenze ni takriban saa tatu, na ukifika safari yako haijaisha, kwa sababu huruhusiwi kuingia.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Miji mingi ya Italia imezungushia sehemu yake ya kale ukanda unaoitwa ZTL, ambamo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi. Hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Kuna kibao na kamera. Kibao cha umeme kikiandika "varco attivo", mgeni anaweza kudhani njia iko wazi, kumbe maana yake ni kwamba kamera zinafanya kazi na usiingie. Aliyepotea akizunguka kutafuta hoteli anaweza kuingia na kutozwa faini bila kujua. Faini moja kwa kawaida huzidi euro 80. Kwa anayeishi nje ya Italia, sheria inazipa mamlaka siku 360 za kumpelekea taarifa, na kabla ya hapo kampuni ya kukodi huwa imekwisha kukata ada yake kwenye kadi yako kwa kazi ya kutaja jina lako tu. Mimi mwenyewe nilipata barua ya namna hiyo miezi saba baada ya kurudi, kwa barabara moja ya mkoa wa Toscana ambayo siikumbuki hata leo. Hoteli nyingi zilizo ndani ya ukanda huo zinaweza kuiandikisha namba ya gari lako ili uingie kushusha mizigo, ila ni lazima uwaombe wewe, na mapema.

Halafu kuna dereva. Rafiki yangu ameendesha miaka 20 na hana ajali, lakini miaka yote hiyo ameendesha kushoto, usukani ukiwa kulia, kwenye gari la Kijapani la otomatiki. Italia ni kinyume cha vyote vitatu. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, na gia hizo utazibadilisha kwa mkono wa kulia. Kipilefti, ambacho jina lake lenyewe linatufundisha upande wa kushika, kule unakizunguka kwa upande mwingine, na Italia vipilefti ni vingi mno. Otomatiki lipo ukiliomba mapema, kwa bei ya juu. Msomaji wa Bujumbura, Lubumbashi au Muskat amekwisha kuzoea upande wa kulia, kwa hiyo onyo hili halimhusu sana. Yanayowahusu wote ni leseni ya kimataifa iliyoambatana na ya nyumbani, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kampuni nyingi huzuia amana kwenye kadi hiyo, na wengi wetu tuna kadi ya benki ya kawaida tu. Uliza kabla ya kusafiri, usingoje kuuliza kaunta ukiwa na watoto na mabegi.

Baada ya kusema yote hayo, ningesikitika kama angeliacha gari kabisa.

Kusini mwa Siena kuna bonde la Val d'Orcia, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Vilima vyake vimelimwa ngano, miberoshi myembamba imepangwa kando ya njia za vumbi, na juu ya kila kilima kuna mji mdogo wa mawe: Pienza, Montalcino, na Montepulciano ya jirani. Reli haipandi huko. Mabasi yapo, ila ni machache na Jumapili yanapungua zaidi. Mwenye gari analala kwenye nyumba ya shamba, anaamka ukungu ukiwa bado bondeni, anasimama anapotaka kusimama. Anayeshikilia treni peke yake anaishia Roma, Firenze na Venezia, miji ileile inayobanana watu hadi Venezia ikaanza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku za msongamano. Italia hiyo ni nzuri, lakini ni nusu tu.

Kwa hiyo gari ni la vilima, treni ni ya miji, na kuna sehemu za mpango wake ambako gari ni mzigo mtupu. Vijiji vitano vya Cinque Terre vinaunganishwa na treni ndogo ya dakika chache kutoka kijiji hadi kijiji, na gari utaliacha mbali. Barabara ya pwani ya Amalfi ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, na majira ya joto magari huruhusiwa kwa zamu kulingana na namba. Venezia barabara inaishia Piazzale Roma, na kuanzia hapo ni miguu na mashua. Kulipia gari linalolala maegeshoni siku mbili kwenye mji usio na barabara ni kutupa fedha.

Lakini kosa kubwa la mpango huu silioni kwenye gari. Naliona kwenye vituo vinane. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga mabegi, kutoka hotelini, kusafiri, kutafuta hoteli mpya, kungoja chumba. Mara saba, hizo ni siku tatu na nusu kati ya 12. Na kwa kuwa ombi la viza linataka uonyeshe utakakolala, mpango wa pupa ukishawasilishwa unakuwa mgumu kuubadilisha.

Nimempendekezea hivi. Roma walale siku nne, bila gari, na siku moja kati ya hizo waende kwenye magofu ya Pompeii kupitia Napoli na kurudi jioni. Kisha treni hadi mji mdogo wa Orvieto, mwendo wa saa moja na robo hivi, wachukue gari huko na walale siku tatu karibu na Pienza. Walirudishe gari Orvieto, wapande treni hadi Firenze kwa siku mbili, Venezia siku mbili, na asubuhi ya mwisho treni ya mwendo wa saa mbili na nusu hadi Milano. Waangalie tu siku ya kurudisha gari isiangukie Jumapili, kwa sababu ofisi za miji midogo mara nyingi hufungwa, na siku za kazi hufungwa mchana. Amalfi na Cinque Terre nimezifuta. Shemeji hakufurahi kuhusu Amalfi, nami namwelewa.

Amenijibu kwamba angependa kuliacha gari Firenze badala ya kurudi nyuma hadi Orvieto, hata kama atalipa ada ya ziada. Haina neno. Basi alirudishe uwanja wa ndege wa Peretola, nje kidogo ya mji, wapande tramu ya T2 hadi karibu na Santa Maria Novella. Ni dakika 20 hivi, na hatakuwa amezikaribia zile kamera.