Niono: mpunga ukingoni mwa Sahel, na swali la nani mwenye shamba

Kwa mvua yake, Niono ingekuwa mji wa mtama tu. Iko mkoa wa Ségou nchini Mali, ambako mvua hunyesha miezi michache kisha anga hukauka. Ila banio la Markala, lililokamilika mwaka 1947, huinua maji ya mto Niger na kuyaelekeza kwenye Fala ya Molodo, mkono wa kale wa mto uliokuwa umekauka. Kutoka hapo maji hushuka yenyewe hadi mashambani, bila pampu.

Mifereji na ardhi viko chini ya Office du Niger, shirika lililoanzishwa na Wafaransa mwaka 1932. Mkulima hulima kwa idhini. Asipolipa ada ya maji, anaweza kunyang'anywa shamba. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja: pasipo ada mifereji hujaa tope na magugu, na anayeumia kwanza ni yule wa mwisho wa mfereji.

Lakini amri peke yake iliwahi kujaribiwa, ikashindwa. Wafaransa walitaka pamba kwa viwanda vyao, wakahamishia watu huko kwa nguvu, wakiwemo Wamossi kutoka Burkina Faso ya leo. Kilimo cha pamba kiliachwa mwaka 1970. Mpunga nao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulitoa kama tani 2 tu kwa hekta, huku shirika likiwa na polisi wake wa kuzuia wakulima wasiuze pembeni. Polisi hao walipoondolewa, soko likafunguliwa na mifereji ikakarabatiwa, mavuno yalipanda hadi karibu tani 5 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wahandisi watasema ni ukarabati. Ni kweli, kwa sehemu. Ila kupandikiza miche ni kazi ya kuvunja mgongo, na sioni nani angeifanya kwa mpunga ambao si wake kuuza. Vitunguu vya kiangazi, vinavyoingizia familia nyingi fedha taslimu, navyo ni zao ambalo wakulima walilikuza kwa hiari yao.

Ndiyo maana nautilia shaka upanuzi wa haraka. Mwaka 2008 serikali iliipa kampuni ya Malibya ya Libya hekta 100,000. Mfereji mkubwa ukachimbwa, kisha Gaddafi akaanguka mwaka 2011 na mradi ukakwama. Kiangazi mto hupungua sana, na huko unakoelekea, wavuvi na wafugaji wa delta ya ndani, eneo la mafuriko ya mto Niger katikati ya Mali, wanategemea maji hayohayo. Kwanza walioko Niono wapewe mikataba ya kudumu ya mashamba yao. Hekta mpya zijadiliwe baadaye, wavuvi na wafugaji wakiwemo mezani.