Munzihirwa: mwalimu anayeitwa mwanasiasa

Kila Oktoba 29 inapokaribia, mabishano yale yale hurudi Bukavu, mashariki mwa Kongo: je, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mwaka 1996 Nyawera, mtaa wa mji huu, alikuwa mchungaji, au mwanasiasa aliyevaa kanzu? Wanaomwita mwanasiasa wana hoja yenye uzito, na si haki kuwafanya maadui wa Kanisa. Kambi za wakimbizi wa Rwanda zilizofurika Kivu tangu katikati ya 1994 hazikuwa za wajane na watoto peke yao. Ndani yake walikuwamo askari wa serikali iliyoanguka Kigali pamoja na Interahamwe, wanamgambo wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, waliojipanga upya na kuvuka mpaka kwenda kuua. Mtu aliyewatetea wakimbizi mara kwa mara, wanasema, alipaswa kuwataja wauaji hao kwa sauti ile ile aliyoishutumu serikali mpya ya Kigali. Na Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, aliyeamriwa kuondoka huko mwezi ule ule wa Oktoba 1996 ana haki ya kuuliza kama sauti hiyo ilimfikia naye.

Swali nalikubali. Ninachokataa ni jibu linaloanzia 1994, kana kwamba mtu huyu alizaliwa akiwa na miaka 68.

Mwana wa Burhale, kule Walungu, alipadrishwa mwaka 1958 na kujiunga na shirika la kitawa la Wajesuiti mwaka 1963, kisha akasomea mambo ya jamii na uchumi Louvain, Ubelgiji. Mwezi Juni 1971 Rais Mobutu aliifunga Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu, kosa lao likiwa kuwakumbuka wenzao waliopigwa risasi Juni 4, 1969. Munzihirwa, padri wa miaka ipatayo 45, aliomba aandikishwe pamoja nao. Angeweza kuandika barua ya malalamiko, au kuwaombea misa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua gwaride, amri za masajini na kofia ya kuruta. Sisi tunaohangaika na minervali, ada ya shule, kila muhula tunawajua walimu wa ubaoni. Wa kuwafuata wanafunzi wake hadi kambi ya jeshi, mimi sijakutana naye.

Baadaye aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati, akawa askofu wa Kasongo, kisha askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1995, lakini namna yake haikubadilika: waliobanwa wako wapi, na yeye yuko hapo. Askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliopora raia nao walipata karipio lao. Ni kweli kwamba huruma hiyo haikuwa na chekeche, ikamfunika asiye na hatia pamoja na mwenye damu mikononi. Ila kuwatenga wenye silaha kambini kulihitaji majeshi, na dola zenye majeshi ziliikwepa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 2. Deni hilo anadaiwa askofu, tena na watu wasiozidai dola hizo hata senti.

Wanajeshi wa Rwanda walipoingia mjini, wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi walikuwa wamekwisha kukimbia. Gari lake lilisimamishwa Nyawera. Walioshuhudia husimulia kwamba alishuka mwenyewe, msalaba wake mkononi, akawaendea wale askari kwa miguu. Mwili wake ulilala pale barabarani hadi kesho yake.