Acheni Kusema "Kaishia VETA"

Nilikuwa kwenye msiba Tandika, mama mmoja akaulizwa habari za mwanawe. "Huyo kaishia VETA," akajibu kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa, wakati VETA ni mamlaka ya serikali yenye vyuo vya ufundi stadi. Kijana mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa za turubai ili sisi tupate kuonana.

Neno hilo "kaishia" linaniumiza. Kwa nini mtoto aliyeanza kazi tuseme kaishia?

Mwaka jana friji langu lilikuwa haligandishi. Fundi wa mtaani akaja mara tatu, kila mara anajaza gesi na kuchukua hela yake. Mara ya nne jirani akaniletea binti mmoja aliyesoma ufundi wa majokofu. Hakugusa mtungi wa gesi kwanza. Alifunga geji, akasoma presha, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la shaba, moja baada ya jingine, akitazama. Nyuma kabisa, karibu na kompresa, povu likaanza kutoa vipovu vidogo. "Baba, gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari," akaniambia. "Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja." Akachomelea, akavuta hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo akajaza. Mpaka leo friji linagandisha.

Nilimuuliza kidato cha nne alipata daraja gani. La pili. Angeweza kwenda kidato cha tano, akachagua ufundi, na mjomba wake hajamsamehe.

Simlaumu yule fundi wa kwanza. Alijifunza kwa kuangalia wenzake, na wengi wa aina yake wana mikono mizuri sana. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi kama hao na kuwapa cheti. Ningependa mafundi wa Keko na Gerezani waujue zaidi.

VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, si jambo la jana. Na sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ujuzi wa kazi, hukohuko sekondari. Serikali imefungua mlango. Wanaouegemea kwa ndani usifunguke ni sisi wazazi. Kila maonyesho ya Sabasaba tunajazana kwenye banda la VETA, tunasifia makochi na mashine, tukirudi nyumbani tunamwambia mtoto, "Usiposoma utakuwa fundi." Kwa Dar hii yenye joto, ambako kila duka lina friji na kila ofisi ina kiyoyozi, hiyo si kauli ya kumwambia mtoto.

Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu. Redio ya bibi yake ameshaifungua na kuifunga mara mbili, na inaongea. Likizo ya Juni nampeleka chuo cha VETA Chang'ombe akaone karakana kwa macho yake. Mama yake alisita siku mbili, kisha akasema atakuja nasi.