Bibi wa Leicester hakutaka tosti

Nilipofika Uingereza kusoma zaidi tiba kwa vitendo, ile ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, wiki ya kwanza tu nilijazishwa fomu: kabila, dini, lugha, ulemavu. Ukafuata mhadhara mzima kuhusu ubaguzi. Nikasema moyoni, wenzetu wamefika mbali.

Kisha nikapelekwa wodini Leicester. Pale mgonjwa hupimwa jikoni kabla ya kuruhusiwa: achemshe chai, achome tosti. Bibi mmoja Mhindi, kiharusi kimemlegeza mkono wa kushoto, alisimama akiikodolea macho ile mashine ya tosti. Mwanafunzi mwenzangu akaandika: haelewi maelekezo. Mara nikamsikia bibi akinung'unika, "Mkate gani huu, mimi sitaki." Kwa Kiswahili! Kumbe ni katika wale Wahindi waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972. Nikamwambia shikamoo bibi, akacheka hadi machozi. "Marahaba mwanangu, nipe unga." Akakanda kwa mkono mmoja, bakuli amelibana kati ya tumbo na meza, na chapati ikatoka duara.

Chuo kilituhesabu vizuri sana sisi wanafunzi kwa rangi na makabila. Jiko kilichotufundisha kumpimia mgonjwa, hata hivyo, lilikuwa la mtu wa aina moja. Mfumo wa Kawa (yaani mto, kwa Kijapani) wa Michael Iwama, mtaalamu wa fani yetu, unaoyachora maisha kama mto kwa sababu kule Japani "kujitegemea" kwa Kizungu hakukukaa sawa, tulipewa saa moja, Alhamisi mchana.

Msidhani nyumbani ni afadhali. Chuoni kwetu tulijifunza kumtoa mgonjwa kwenye bafu la kulala, karai kubwa la Kizungu ambalo sijaliona katika nyumba ya mgonjwa yeyote Kilimanjaro. Choo cha shimo hakikuwemo kwenye mtaala. Mafiga pia hayakuwemo. Hayo nilijifunza kwa mama mmoja mgonjwa aliyekuwa anamenya ndizi za mtori juu ya kigoda, akizibana kwa magoti. Na mkwewe alikuwa akimwogesha kila asubuhi. Kwa vitabu vyetu huo ni utegemezi. Kwa yule mama ilikuwa heshima yake.

Halafu kulikuwa na mwenzetu wa kiti cha magurudumu. Darasa lilikuwa ghorofani, tukawa tunambeba, tukauita udugu. Yeye aliuita hivyo? Hatukumuuliza. Kule Leicester mwanafunzi kama yeye alipojiandikisha, darasa zima lilihamishiwa chini, na hakulazimika kumshukuru mtu. Hapo Waingereza nawapa maksi zote.

Ile fomu ya bibi niliijaza mwenyewe jioni ile. Kwenye kompyuta palikuwa na kisanduku cha kinywaji cha moto na kisanduku cha tosti. Nikaandika chapati, ikakataa. Msimamizi wangu akaangalia saa, akaniambia niweke tiki kwenye tosti, bibi apate kwenda nyumbani.