Mgonjwa wa moyo asifungiwe kitandani

Makala haya yanaeleza kwamba mtu ambaye moyo wake umepungukiwa nguvu ya kusukuma damu anafaa kufanya mazoezi, jambo linalotushangaza sisi tuliokuzwa kwa kuambiwa kuwa mgonjwa kazi yake ni kulala. Nami niliamini hivyo, hadi daktari alipomruhusu baba yangu mdogo, baada ya dawa kumtuliza na uvimbe wa miguu kupungua, atembee kila siku hapa Iringa, jua likishatoka na baridi kupungua. Alianza na dakika 5, kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi wa jirani, akipumzika juu ya gogo. Kipimo chetu kilikuwa aweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Sasa anafika sokoni, ingawa mlima wa kurudi bado tunamwachia bodaboda.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionesha kuwa mazoezi ni salama kwa mgonjwa aliyetulia na huboresha maisha yake, japo faida katika kupunguza vifo ilikuwa ndogo. Ila uzito ukiongezeka ghafla au miguu ikivimba tena, matembezi yasimame na mgonjwa apelekwe kliniki kwanza.